Kitanda cha Mama Mkwe kwa Bei ya Mito Miwili

Jumatatu, 3 Machi

Kuku mzima, stika ya njano, nusu bei. Nilimkuta peke yake kwenye friji la supamaketi, kama aliyekuwa akinisubiri. Bwana Nafuu alikuwa nyuma yangu. Niliuona mkono wake ukinyooka. Wangu ulifika kwanza. Nikamtakia jioni njema.

Nieleze, maana shajara hii huenda ikasomwa na wajukuu. Bwana Nafuu ni jirani yetu wa mlango wa pili. Mtu wa kwetu, alitutangulia kuja huku ugenini, sasa ni dereva wa gari la dobi. Jina hilo nimempa mimi. Yeye ananiita shemeji, kwa madai kwamba anatoka upande mmoja na mke wangu. Hajawahi kununua kitu kwa bei iliyoandikwa. Mimi pia. Ndiyo maana hatupendani.

Wageni wengi wa nchi hii hawajui kuishi. Wanaingia dukani, wanaona bei, wanalipa. Mimi napanga vifurushi posta kuanzia alfajiri, na adhuhuri niko huru. Mchana wote nawinda. Mapazia, sufuria, meza tunayolia chakula, vyote nimevipata kwa bei ya kutupa. Mke wangu anasema vingine vilikuwa vimeshatupwa. Kweli. Lakini na nani? Na watu wasiojua thamani.

Jioni, habari kubwa. Mama mkwe anakuja Jumapili kukaa nasi mpaka mvua za kwao ziishe. Mgongo wake mbovu, anataka kitanda cha maana. Mke wangu akaniambia duka la samani liko ng'ambo ya barabara, wanaleta wenyewe, wanafunga wenyewe, kazi yangu ni kwenda kulipa tu.

Kulipa tu. Alilitamka mbele yangu, nikiwa nimekaa.

Nikamwambia aniachie mimi. Akanitazama kwa muda mrefu, macho ya muuguzi anayeangalia kidonda. Kisha akasema sawa, lakini ni mama yake, si sufuria.

Mimi ndiye ninayejua zaidi kwamba ni mama yake. Tangu harusi yetu hajawahi kuniita kwa lolote ila "huyo bwana wako". Huyo bwana wako amekula? Huyo bwana wako bado anaokota viti? Nakaa pembeni ya simu, nasikia yote. Safari hii atalala juu ya kitanda changu na ataniita kwa heshima.


Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda dukani kuitazama bei, ili nijue ninachokikataa. Nikajilaza kidogo kwenye kitanda cha maonyesho. Kizuri, sikatai. Binti wa mauzo akaja akaniuliza kama ninakipenda. Nikamwambia kitanda nakipenda, kilichoandikwa pembeni yake ndicho sikipendi. Akasema punguzo ni mwezi wa saba. Mama mkwe hawezi kusimama mpaka mwezi wa saba.

Kwenye ngazi nikakutana na Bwana Nafuu. Sijui nani alimwambia. Akasema, shemeji, nasikia unatafuta kitanda, mimi changu nilipewa bure na mito juu yake, ukitaka nitaulizauliza. Nikamshukuru. Nikamwambia ninacho tayari, nasubiri tu kuletewa.

Sasa lazima nikipate.


Alhamisi, 6 Machi

Nimekipata.

Nyuma ya stesheni ya treni kulikuwa na nyumba ya kulelea wazee. Imefungwa, vitu vyake vinapigwa mnada. Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo jirani na posta. Nililibandua nikalitia mfukoni, ili wengine wasisumbuke. Ukumbi ulijaa wenye migahawa waliofuata masufuria. Hakuna aliyevitazama vitanda. Vilikuwa vimepangwa ukutani kama askari wa gwaride. Vitanda vya umeme. Ukibonyeza hapa, upande wa kichwa unapanda. Ukibonyeza pale, magoti yanapanda. Vina magurudumu. Vina vyuma vya ubavuni, mtu asianguke. Godoro limevikwa plastiki inayofutika kwa kitambaa. Kikiwa kipya, kitanda kama hicho ni bei ya gari dogo.

Dalali alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Aligonga nyundo mara moja, haraka, kama anayeogopa nitabadili mawazo. Bei ya mito miwili ya pale dukani. Mito miwili, nimepata kitanda kinachonyanyuka chenyewe. Nikamuuliza kama mota inafanya kazi. Akasema, karibu siku zote. Kisha akanipa na stendi ya kutundikia dripu, bure, wala sikuiomba. Watu wanamtambua mnunuzi anayejua.

Wabeba mizigo wakataka malipo yanayozidi kitanda chenyewe. Nikacheka mbele yao. Magurudumu ya nini, basi?


Ijumaa, 7 Machi

Nimekisukuma mwenyewe kutoka nyuma ya stesheni mpaka nyumbani.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Kitanda kinateleza kama kinakwenda harusini. Stendi ya dripu nimeichomeka mahali pake, inayumbayumba kichwani. Watu wananipisha. Mzee mmoja akavua kofia. Kwenye njia panda, askari wa usalama barabarani akasimamisha magari pande zote na kunipungia mkono nikimbie. Sikujua la kufanya. Nikakimbia, kwa adabu. Mama mmoja akaniuliza mgonjwa yuko wapi. Nikamwambia anafika Jumapili kwa ndege. Akanishika bega, akasema nijipe moyo.

Kwenye taa, nani yuko dirishani mwa gari la dobi? Bwana Nafuu. Akashusha kioo. Akakitazama kitanda kuanzia magurudumu hadi stendi. Akaniuliza kwa sauti ya upole nani kaugua. Nikamwambia hakuna aliyeugua, huu ni ununuzi. Hapo hapo upole ukamtoka, akauliza shilingi ngapi. Taa ikawa kijani. Nikaondoka bila kumjibu. Sijui kama maishani nitapata tena dakika kama ile.

Kisha mteremko. Kitanda kilijiamulia. Mimi nimeng'ang'ania vyuma, miguu inagusa lami kwa nadra. Najua kina breki, ila sikuwa nimeuliza iko wapi. Nikaona heri nipande. Tukampita mwendesha baiskeli, mimi nimelala kifudifudi, yeye akipiga kengele. Tukasimama kwenye mlima wa mifuko ya taka. Kitanda hakikupata hata mkwaruzo. Mgongo wangu ulitoa sauti. Kiganja cha kulia kimechubuka chote.

Halafu mvua. Nikavua koti, nikaifunika mota.


Jumamosi, 8 Machi

Kitanda hakipiti mlangoni. Asubuhi nzima nimekipima kwa kila upande. Nikafungua bawaba, nikautoa mlango. Bado. Nikang'oa ubao wa fremu upande mmoja. Kikapita, pamoja na chokaa kidogo.

Chumba kimependeza. Mlango nimeuegemeza koridoni na mahali pake nimetundika pazia. Stendi ya dripu itakuwa ya kutundikia koti la Mama. Maua mezani, stika ya njano, bado yana siku moja au mbili.

Mke wangu akarudi kutoka kazini, wodi ya wazee, zamu ndefu. Akafungua pazia. Akasimama. Akasema tangu asubuhi ametandika vitanda hivi, amevifuta, amevisukuma, ameviosha, na sasa amefika kwake amekuta kimoja kimemfuata nyumbani. Alisema taratibu. Akisema taratibu ni hatari. Nikamwonyesha kichwa kinavyopanda. Akasema anajua. Nikamwonyesha magoti. Akasema anajua pia. Akaniuliza Mama atasema nini akiona hiki. Nikamwambia atasema asante.

Mgongo umekaza. Natembea nimeinama, mkono mmoja ukutani. Kiganja nimekifunga bandeji.


Jumapili, 9 Machi

Mama amefika. Tulimpokea uwanja wa ndege. Mimi nimepinda, bandeji mkononi, uso umenipauka kwa sababu ya maumivu. Nikamwambia shikamoo, Mama. Akaitika marahaba, kisha akamgeukia binti yake na kumuuliza huyo bwana wako ana nini. Mke wangu akasema ni ukaidi tu.

Nyumbani nikalivuta pazia kwa mkono wangu mzima. Nikabonyeza rimoti. Kichwa cha kitanda kikapanda polepole, kikinguruma. Nilitaka aone vizuri.

Mama alivitazama vyuma vya ubavuni. Akaitazama stendi ya dripu. Akayatazama maua. Akautazama mlango ulioegemea koridoni. Mwisho akanitazama mimi, nimeushika ukuta. Akakaa juu ya sanduku lake.

Akauliza choo kiko wapi. Alikaa humo sana, bomba linatiririka muda wote. Alipotoka uso ulikuwa umelowa. Akasema hawezi kulala juu ya kitanda kile, atalala kochini, mwenyewe akitumie. Nikamsihi. Akakataa. Nikadhani ni adabu za ugeni.

Wakati wa kula alinipakulia kwa mkono wake, akaniwekea paja la kuku. Sijawahi kupewa paja na mama huyu.


Jumatatu, 10 Machi

Nimeelewa.

Asubuhi Mama aliniuliza madaktari wanasemaje. Nikauliza madaktari wa nini. Akatikisa kichwa kwa huruma. Mke wangu akaangua kicheko, akamweleza yote: mnada, mteremko, mifuko ya taka. Akasema huyu ni mzima, hivi ndivyo alivyo siku zote. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia anajua wauguzi wanafundishwa kuficha, wala hamlaumu. Lakini mtu haingizi kitanda cha hospitali nyumbani na kung'oa mlango ili machela ipite, halafu aseme ni kwa ajili ya mgeni.

Nikiri, hoja ina nguvu.

Mke wangu alikuwa anachelewa kazini. Akaniagiza nilimalize jambo hili kabla hajarudi, nimwambie Mama kwa kinywa changu.

Nilikusudia. Nilikaa naye jikoni. Nikafungua kinywa. Akaweka mbele yangu bakuli la supu, mfupa wenye uboho umesimama katikati, akasema, "Kunywa, mwanangu."

Mwanangu.

Miaka yote ile, huyo bwana wako. Leo mwanangu. Nilikunywa. Supu yenyewe ilikuwa ya kukusahaulisha ulichotaka kusema. Akaniambia nikalale, nikauliza wapi, akasema kitandani kwangu. Akanifunika. Akakinyanyua kichwa cha kitanda mpaka nikaweza kuona dirishani.

Katika yote haya sijasema uongo hata kidogo. Nimekohoa tu.


Jumatano, 12 Machi

Supu asubuhi. Supu mchana. Uji katikati. Posta nimewaambia mgongo, na mgongo kweli unauma, kwa hiyo hilo nalo si uongo. Nikihesabu, kitanda cha bei ya mito miwili kinaniletea chakula, usingizi, na heshima ya mama mkwe. Sidhani kama katika historia ya ugeni kuna aliyewahi kupata zaidi kwa malipo madogo zaidi.

Habari zimefika nyumbani. Kundi la familia kwenye simu halilali. Shangazi yangu amelia mpaka simu ikakatika. Shemeji, kaka yake mke wangu, aliyekataa katakata kunipokea siku ya posa, amesema mimi ni ndugu yake wa damu. Binamu ambaye sikumbuki sura yake ananiombea kila siku. Nimewajibu wote kwamba naendelea. Nani haendelei?

Adhuhuri Bwana Nafuu amekuja kumwona mgonjwa. Ameleta zabibu. Stika ya njano aliibandua njiani, lakini kona moja ilibaki, na kwenye kona hiyo niliona bei. Robo. Zabibu kwa robo ya bei. Nilisikia maumivu ambayo mgongo haujawahi kunipa.

Akakaa pembeni. Mama akiwa jikoni, yeye akavijaribu vyuma. Akainama akasoma kibao cha kiwandani kilichoko chini. Halafu akasogea sikioni kwangu akasema, shemeji, kweli kabisa, ulikipata kwa ngapi, maana mambo kama haya mtu hafai kuondoka nayo. Nikafumba macho. Mama akaingia akamwambia amwache mgonjwa apumzike. Akatoka akitazama nyuma.

Mke wangu yuko kwenye zamu ndefu wiki hii. Anarudi amechoka, anakuta nimelala, au angalau nimefumba macho. Jana aliniuliza kama nimezungumza na Mama. Nikamwambia tumezungumza sana.


Alhamisi, 13 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa sababu mtu mkweli huandika na siku mbaya.

Nilikuwa nimelala nasubiri uji. Chumba hakina mlango, pazia tu, kwa hiyo nilimsikia Mama koridoni akizungumza kwa simu na mwanawe wa nyumbani, yule shemeji. Nilisikia neno macho. Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nilijua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba amesubiri kupasuliwa tangu mwaka juzi, na hatimaye hospitali ya kule imempa tarehe, mwezi ujao, mara tu akirudi. Akamwambia mwanawe aende akawaambie nafasi hiyo wampe mwingine. Yeye harudi. Atabaki huku mpaka mambo yaishe. Shemeji nadhani alibisha, maana Mama alipandisha sauti, akasema, "Haya macho yaliyobaki yanatosha kumpikia mwanangu."

Uji ukaja. Nikauweka pembeni.

Najua kununua. Najua kitu kinapozidi thamani ya kilicholipwa. Hapa nilikuwa nalipiwa na mama wa watu kwa macho yake, na mimi nimelala. Nikaamua nimwambie palepale, kwa miguu yangu, nimesimama wima.

Ili nisimame, nikabonyeza rimoti kukipandisha kichwa cha kitanda. Kikapanda. Nikaachia kitufe. Kikaendelea kupanda. Nikabonyeza cha kushusha. Magoti yakapanda. Nikabonyeza vyote. Kitanda kikatoa sauti kama kinasafisha koo, kisha kikaanza kujifunga kama kitabu, na mimi ndani yake kama kipande cha karatasi cha kuwekea alama. Magoti yakafika masikioni. Hapo mota ikazimika. Karibu siku zote, alisema dalali.

Mama akaja mbio, mwiko mkononi. Akavuta mguu. Akavuta mkono. Akafungua dirisha akaita watu. Bwana Nafuu akatokea, akazunguka kitanda mara kadhaa, akachomoa waya, akauchomeka, akauchomoa tena. Akasema kwa kitanda kibovu hivi bila shaka sikulipa kitu. Nilikuwa nashindwa kupumua, na nisingemjibu hata hivyo.

Mama akaanza kulia kwa sauti. Akasema, "Usiondoke, mwanangu, nimekuja kukuuguza."

Nikamwambia kutoka katikati ya magoti yangu, "Mama, mimi siumwi."

"Usiseme, unajichosha."

"Mama, siumwi chochote. Kitanda ni chako. Nilikinunua mnadani kwa ajili ya mgongo wako. Mgongo wangu niliuumiza nikikisukuma."

"Na kikohozi?"

"Nilikohoa makusudi."

Bwana Nafuu akajifanya anasoma kibao cha kiwandani. Mama akaweka mwiko chini. Akafuta uso kwa upande wa nguo yake.

"Kwa hiyo hufi."

"Sifi, Mama."

"Wala si karibuni."

"Sidhani."

Akakaa kwenye kiti. Akafikiri. Kisha akasema, "Nirudishie supu yangu."

Sikujua kama anatania. Bado sijui.

Mke wangu alifika wakati huo. Akapita kati yao, akainama, akakanyaga kitu fulani chini ya kitanda, na kitanda chote kikalala chini taratibu kama ng'ombe aliyeshiba. Anakanyaga kile kitu kila siku ya kazi. Ndipo akageuka akaniuliza kwa sauti ya taratibu, taratibu sana, kama hivi ndivyo nilivyozungumza na Mama. Mama akamweleza kuhusu macho. Mke wangu akaingia chumbani kwetu, na kwa kuwa kile kina mlango, akaufunga.


Ijumaa, 14 Machi

Macho ya Mama yamepona. Namaanisha tarehe imepona. Nilimpigia shemeji kabla jua halijachomoza, nimeshika simu kwa mikono miwili. Akasema alikuwa hajaenda hospitali bado, alipanga kwenda wiki ijayo akipata nafasi. Kila mara namsema mtu huyo kwa uvivu wake. Leo nimemshukuru Mungu kwa ajili yake. Nikamwambia Mama. Akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua mchele.

Kwa amri ya mke wangu nimepiga simu kwa jamaa wote, mmoja mmoja, kuwaambia mimi ni mzima na sikuwahi kuwa mgonjwa. Yeye amekaa pembeni anasikiliza. Shangazi amekataa kuamini. Amesema hiyo ndiyo hatua ya mwisho, mgonjwa anajiona amepona. Binamu amesema maombi yake yamejibiwa na ataendelea kwa ajili ya wengine. Shemeji aliposikia, undugu wa damu ukaisha pale pale.

Nikamwomba Mama radhi. Sikujitetea. Nilijiinamia mbele yake nikasema nimekosa. Akasema alilia chooni siku ya kwanza mpaka kifua kikauma, na hata akajilaumu kwamba kwa miaka yote hakuwahi kuniita kwa wema. Hilo lilinichoma. Nikalia kidogo, na sasa nikakohoa bila kukusudia. Akaniangalia vibaya. Nikabana.

Chakula cha jioni nilijipakulia mwenyewe. Shingo ya kuku.


Jumapili, 16 Machi

Siku njema kupita zote.

Kwanza, kitanda. Mke wangu aliifungua mota jana, akakaza nyaya mbili, akaifunga, kikawa kama kipya. Mama alikuwa amekataa kulala tena kochini. Akasema kama kitanda ni chake basi ni chake. Amelala humo usiku wa jana. Leo asubuhi amemwambia binti yake kwamba mgongo haujatulia hivi tangu amzae kitinda mimba. Niliyasikia hayo kutoka koridoni, nikirudisha ubao wa fremu. Nyundo ilinitoka mkononi kwa furaha.

Mimi haniiti tena mwanangu. Lakini haniiti huyo bwana wako. Ananiita wewe. Wewe, lete maji. Wewe, shusha magoti. Ananiambia mimi mwenyewe, ana kwa ana, bila kupitia kwa mtu. Nahesabu kama hatua.

Mchana akaniuliza nilikinunua kwa bei gani. Nikasimama wima, nikamwambia. Akafikiri. Akasema, "Walikupiga."

Hajui soko la huku.

Doa moja. Bwana Nafuu amepata kitanda kama changu, kutoka kwa dalali yule yule, siku ya mwisho ya mnada, kwa chini ya nilicholipa, na wakamletea mpaka mlangoni. Hahitaji kitanda. Amekiweka sebuleni, analala nusu amekaa, anatazama televisheni. Amenialika nikakione. Nilikwenda, nikakisifu. Sikulala mchana.

Lakini dalali ana namba yangu. Amenipigia saa ile ile nilipokuwa nimejiinamia kwa uchungu wa kitanda cha jirani. Amesema anawapigia wateja wake wa kuaminika tu. Kuna kliniki ya meno inafungwa keshokutwa, na ana kiti. Kiti cha daktari wa meno, kamili. Kinapanda, kinashuka, kinalala, kinazunguka, kina taa yake juu kwa ajili ya kusomea. Mke wangu anasimama kutwa nzima kwenye wodi, na mara ngapi nimemsikia akisema nyumba hii haina kiti cha kupumzishia miguu. Hajui lolote. Itakuwa mshangao. Bwana Nafuu naye hajui, maana tangazo la mnada nimeshalibandua kwenye nguzo, liko mfukoni mwangu.

Kina hata kibeseni cha kutemea, na maji yanazunguka yenyewe. Mtaa mzima huu, nani mwingine atakuwa na sebule yenye kibeseni cha kutemea?